Kitanda cha Fito na Koko wa Darini

Nyumba tuliyopewa baada ya uhuru ilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuwa nacho: kitanda cha mtoto chenye fito pande zote nne. Tulikikuta kimesimama peke yake katika chumba cha nyuma, kimepakwa rangi nyeupe, kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo na atarudi kulala. Hakurudi. Wazungu waliokaa nyumba ile waliondoka kwa haraka sana. Hata kikombe chenye masalio ya kahawa tulikikuta dirishani, kimeota ukungu.

Mume wangu alikuwa karani wa posta. Kabla ya uhuru alikaa nyuma ya dirisha dogo akigonga mihuri. Mkubwa wake alipokimbilia Ulaya, aliwekwa yeye kwenye kile kiti, akapewa na funguo za nyumba. Mji mzima mambo yalikwenda hivyo. Ulilala karani, uliamka mkubwa. Mimi, binti wa fundi cherehani, niliyekulia katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, nilijikuta natembea juu ya sakafu ya saruji nyekundu, na juu ya kichwa changu dari ya mbao, na katika dari ya ukumbi mwembamba kipande cha mraba kinachofunguka kwa kusukumwa. Siku ya kwanza nilimuuliza mume wangu kile kipande ni cha nini. Akasema, "Ni ya kupanda kutazama nyaya za umeme." Nikasahau.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, msichana, mama mkwe wangu alikuja kutoka Banalia kunisaidia. Tulimpa mtoto jina lake, kwa hiyo wakawa wanaitana *ndoyi*, kama watu wa jina moja wanavyoitana kwetu. Mama mkwe aliweka mzigo wake chini, akamtazama mtoto, akakitazama kitanda kile, ambacho sisi tulikiita berso kwa kuiga Kifaransa.

"Ndoyi wangu amefanya kosa gani?" akauliza. "Hajajua hata kuketi, tayari munamutia katika gereza?"

"Mama, ni kitanda tu."

"Kitanda hakina fito. Kizimba ndicho kina fito. Mimi nimelala na watoto wangu wote hapa," akajipiga ubavuni, "na wote walipona."

Watoto wa mama yangu hawakupona wote. Nilipokuwa mdogo, mama aliamka asubuhi moja akamkuta mdogo wangu, mtoto wa miezi michache, amebanwa kati ya godoro na ukuta, amekuwa baridi. Hakulia kwa sauti. Aliketi sakafuni, miguu ameinyosha mbele, akamshika mtoto mapajani, akasema neno moja tu, "Nililala," akalirudia mpaka baba akamziba mdomo kwa mkono wake. Tangu siku ile sikuweza kulala na mtoto pembeni yangu. Nilipoiona berso ile nilifikiri Mungu ameiweka pale kwa ajili yangu.

Mume wangu aliichunga kama mashine ya posta. Kila Jumapili alikagua skrubu. Alipima nafasi kati ya fito kwa ngumi yake, asije mtoto akapitisha kichwa. Ubao wa kulalia ulikuwa na matundu ya ngazi tatu, na mtoto alipoanza kuketi aliushusha kutoka ngazi ya juu hadi ya katikati. Alikataza kabisa kuweka mto wa kichwa ndani, wala nguo iliyokunjwa. "Akisimama juu yake, ataruka," alisema. Shuka moja, chandarua juu, basi. Mama mkwe alikuwa anasikiliza huku anachambua pondu, majani ya muhogo.

Mtoto alipokuwa anakimbia na kuanza kuunganisha maneno mawili matatu, mume wangu alisema wakati umefika wa kuushusha ubao hadi ngazi ya chini kabisa. "Jumapili," alisema. Jumapili ile hatukuipata. Waasi waliingia mjini.

Wengi hawapendi kusema jambo hili, mimi nitalisema: tuliwashangilia. Wanajeshi wa serikali walikuwa wamekimbia, wametupa hata viatu, na sisi tulikuwa tumechoka nao, wezi wakubwa. Wakaja vijana wamejifunga majani na ngozi, wengine na mikuki, wengine na bunduki walizookota njiani, wakisema wamepakwa dawa na risasi kwao itakuwa maji. Nilisimama kwenye barza mbele ya nyumba na mtoto mgongoni, nikapiga vigelegele. Nilidhani wamekuja kuleta ule uhuru wenyewe, kwa kuwa ule wa kwanza ulituletea nyumba sisi wachache na kwa wengine haukuleta kitu.

Halafu wakaanza kutafuta makarani.

Rafiki wa mume wangu, aliyeketi meza ya jirani naye posta, alichukuliwa mchana, watu wakiwa barabarani wanauza ndizi. Kosa lake lilikuwa kuvaa kravati miaka yote ile na kuandika Kifaransa kizuri. Mke wake alikuja kwetu bila kilemba, anatembea kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Akasimama mlangoni, akasema, "Walimuuliza kama anajua kusoma. Alisema ndiyo. Alisema ndiyo!" Alituangalia sisi kama tungeweza kumwambia alipaswa kusema nini. Hatukumuona tena yule bwana.

Siku ileile mume wangu alipanda darini. Tuliweka meza ukumbini, juu ya meza kiti, akasukuma kile kipande cha mraba, akajivuta. Nikabaki naziangalia nyayo zake zikitoweka ndani ya giza la paa. Mwanamume aliyekuwa anapokea salamu za mji mzima! Mama mkwe alirudisha kiti na meza mahali pake, akafuta alama ya unyayo kwa kitambaa, akasema, "Donc, amekwenda Banalia. Amekwenda kuzika mujomba wake, barabara ikafungika. Ukiulizwa hata na mimi, sema hivyo."

Ikabaki shida ya mtoto. Mtoto wa umri ule mdomo wake hauna mlango. Akimuona baba yake usiku, asubuhi atamtangaza kwa kila apitaye. Kwa hiyo tukaweka sheria: papa ashuke mtoto akiwa amelala tu, tena ndani ya berso, chumba cha nyuma, mlango umerudishwa. Mama mkwe alilala chumba hichohicho, kitanda chake kando ya berso. Umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa unakuja na kukatika, na hata ulipokuja hatukuwasha. Mume wangu alishuka, akanawa katika beseni, akala lituma, ndizi nilizompondea jioni, ameketi sakafuni ukumbini karibu na koroboi. Tulisema kwa kunong'ona. Hakukuwa na wembe. Ndevu zilimjaa mpaka mashavuni, na joto la mabati lilimkausha akawa na uso wa mtu mwingine. Kabla ya kupanda alisimama nje ya mlango wa mtoto, ameweka kiganja juu ya ubao wa mlango. Hakufungua hata mara moja. Mimi nilikuwa nashukuru kwa zile fito nyeupe. Nilisema moyoni: kama isingekuwa berso, tungekuwa tumeshakwisha.

Walikuja asubuhi, jua limeshakuwa kali. Walikuwa watatu. Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya ngozi ya nyani na koti la kizungu lililombana kwapani. Mama mkwe, aliposikia mlango unapigwa, alimbeba mtoto haraka akamtia ndani ya berso, asije akakanyagwa.

"Bwana ya hii nyumba iko wapi?"

"Alikwenda Banalia," nikasema. "Kuzika. Barabara ikafungika, hajarudi."

Akacheka. "Kila nyumba wanasema hivyo. Mji muzima hakuna tena mwanaume, wote wamekwenda kuzika."

Wakapekua. Walitazama chini ya vitanda, ndani ya kabati, chooni, jikoni nje. Mmoja alichoma mkuki ndani ya gunia la mchele, ukatoka mweupe. Nilikuwa nimesimama ukumbini, na kile kipande cha mraba kilikuwa juu ya utosi wangu kabisa. Nilikisikia pale juu bila kukitazama, kama unavyosikia jicho la mtu mgongoni.

Kiongozi aliingia chumba cha nyuma. Alipoiona berso akasimama.

"Hii ni nini? Munafuga mutoto kama kasuku?"

Mtoto wangu alikuwa amesimama, mikono juu ya ukingo, anamcheka. Hakuwa na woga wa watu. Alipenda ile kofia. Kijana yule akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, fito katikati yao.

"Mama kidogo," akamwita kwa upole. "Papa iko wapi?"

Mtoto alipitisha mkono kati ya fito, akanyosha kidole kupitia mlango uliokuwa wazi, hadi ukutani kwenye picha yetu ya arusi.

"Papa!" akasema.

Wale wengine wawili wakacheka. Hata kiongozi akacheka. "Akili mingi," akasema, akampiga kidogo shavuni, akainuka. Nilianza kuvuta pumzi. Naye mtoto, kwa kuwa amesifiwa, alitaka kusifiwa tena. Akainua kidole kilekile juu, akakielekeza darini.

"Koko," akasema. "Koko iko juu."

Kwetu *koko* ni babu. Mtoto aliita hivyo kila mzee mwenye ndevu aliyepita barabarani.

"Koko gani?" kijana akauliza.

"Koko juu. Koko anakula lituma."

Nilielewa neno moja moja, lakini jambo lenyewe lilikataa kuingia kichwani. Amemuona. Amemuona vipi? Usiku yuko ndani ya fito, mlango umerudishwa! Nilimtazama mtoto wangu kama mtu anayemtazama mgeni. Kijana alikuwa ameinua uso. Alikuwa anazipitia mbao za dari, moja baada ya nyingine, na wenzake wameacha kucheka.

Ndipo mama mkwe alipopiga yowe.

Sijapata kusikia sauti ile tena, ingawa nimehudhuria matanga mengi. Mzee yule alikuwa amefiwa na mume wake masika yaliyopita, bado alikuwa anavaa nguo nyeusi za kilio. Aliishika ile nguo kifuani kwa mikono miwili.

"Bwana yangu! Mutoto anamutaja bwana yangu! Koko yake alikufa, na mimi nilimwambia yuko juu kwa Mungu, anakula lituma, haumwi tena! Wee, bwana yangu, hata mutoto asiyekujua anakuita!" Na huku analia, machozi ya kweli yanamtiririka, anamwendea yule kijana amefungua mikono, kama mfiwa anavyomwendea mtu wa kumuegemea. "Mwanangu, nishike! Nishike nitaanguka!"

Kijana aliruka nyuma. Mji mzima ulijua masharti ya dawa yao: mwanamke mzima asiwaguse. Na huyu alikuwa mwanamke, tena mjane, tena amevaa kifo. Alirudi hatua kwa hatua, mikono imeinuliwa, mpaka mgongo wake ukagonga mlango.

"Mama, simama! Usinikaribie! Mushikeni huyu mama!"

Hakuna aliyethubutu kumshika. Wenzake walikuwa wameshatoka kwenye barza. Mama mkwe akazidi kusogea, naye akazidi kurudi, wakapita mbele yangu hivyo, chini ya kile kipande cha mraba, hadi nje. Walichukua baiskeli ya mume wangu na redio. Kabla ya kwenda, kiongozi alisimama barabarani akaangalia paa la nyumba yetu kwa muda. Kisha wakaondoka.

Mama mkwe alifunga mlango. Alinyamaza papo hapo, kama redio iliyokatwa. Akaketi sakafuni, nikaona mkojo umemtoka, na yeye mwenyewe alikuwa anaushangaa.

"Amemuona," akaninong'oneza.

"Amemuona vipi, mama?"

"Sijui. Sijui."

Kutoka darini hapakuja sauti yoyote mchana kutwa. Sikuthubutu kumwita. Nilipika, nikafua, nikamuogesha mtoto. Kila mara nilimtazama mdomoni. Mtoto alicheza na vifuniko vya sufuria.

Jioni tulimlaza kama siku zote. Nilikirudisha chandarua, nikatoka kwa kishindo ili asikie, kisha nikavua ndara nikarudi kimya, nikajificha nyuma ya kabati. Mama mkwe alikuwa bado jikoni, anafunika moto. Mwanga wa mbalamwezi uliingia kupitia dirisha, fito zikatupa vivuli sakafuni.

Mtoto hakulala. Alilala chali, anasikiliza. Baadaye akajigeuza, akainua kona ya shuka yake, akatoa kitu. Kilikuwa mto wa kichwa, mdogo, wa pamba, umeshonwa kwa kipande cha kitenge ninachokijua. Akausimamisha kwenye kona, akaukanyaga, akafunua chandarua, akatupa mguu juu ya ukingo. Niliziba mdomo wangu. Alikaa pale juu kama anapanda farasi, kichwa chini karibu na saruji, nami mikono yangu ilikuwa imeganda. Nilifikiri: sasa anaanguka. Hakuanguka. Alijishusha kwa tumbo, akashika fito, miguu ikatafuta kitanda cha nyanya yake kilichokuwa kando, ikakipata. Alishuka kutoka hapo hadi sakafuni, akaenda mlangoni, akalala kifudifudi, shavu juu ya saruji, jicho kwenye upenyo chini ya mlango. Akatulia hapo. Alikuwa anangoja.

Nilitoka nyuma ya kabati. Hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni kwake, kama mimi nilivyomfanyia mara nyingi, akasema kwa sauti ya chini, "Koko."

Mama mkwe alinikuta nimeketi na mtoto mapajani, ule mto wa kitenge mkononi. Hakuhitaji kuulizwa.

"Ni mimi," akasema. "Nilimushonea mimi. Nilimuhurumia, kichwa chake juu ya ubao mugumu. Jioni nilikuwa nauweka chini ya shuka yake, asubuhi nauficha chini ya godoro yangu."

"Na alikuwa anatoka?"

"Alikuwa anakuja kitanda changu. Nilikuwa naamuka namukuta kifuani, kabla jua kutoka namurudisha. Nilifurahi. Nilifikiri anatoka kule anakuja kwangu moja kwa moja. Sikujua kama anapitia mulangoni kwanza. Nilifurahi, mwanangu. Nilisema, ndoyi wangu amekataa kizimba."

Sikujua nishike hasira au nimshike miguu nimshukuru. Mzee yuleyule, kwa mkono uleule. Alikuwa ametufungulia mlango wa kifo kwa mto wa pamba, na asubuhi ileile ameusukuma ukafungika kwa kifua chake. Nadhani yeye pia alikuwa amejishangaa vilevile, maana alijiangalia viganja.

Mume wangu aliposhuka, aliketi sakafuni. Alikuwa amelala juu ya boriti mchana kutwa, ameuma kitambaa, anamsikia binti yake anamtaja. Tulipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo sikulitegemea hata kidogo.

"Ubao. Sikushusha ubao."

"Papa yake, si wakati wa ubao," nikasema.

"Leteni kisu."

Akaingia chumba cha nyuma, mara ya kwanza tangu apande. Mtoto alikuwa amelala juu ya kitanda cha mama mkwe, au tulidhani amelala. Mume wangu alipiga magoti mbele ya berso, akaanza kufungua skrubu kwa ncha ya kisu cha jikoni, moja baada ya nyingine, anaziweka mdomoni zisipotee. Nilishika koroboi. Ncha ilikuwa inateleza. Alishusha ubao hadi ngazi ya chini, akakaza, akajaribu kwa uzito wake. Ukingo sasa ungemfika mtoto kwapani. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho nilipoona mtoto ameketi, macho wazi, anamtazama.

Akanyosha mikono yote miwili.

"Koko," akasema. "Beba."

Mume wangu alitema ile skrubu. Alinitazama mimi. Sheria yetu ilikuwa imeshavunjika zamani, sisi tu ndio tuliokuwa hatujui. Akambeba. Mtoto alishika zile ndevu, akazivuta, akacheka, na mume wangu alilia bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, na huku mtoto anamwita kwa jina la mzee ambaye si yeye. Hakumsahihisha. Hata mimi nilielewa: jina lile ndilo lililomwokoa asubuhi. Angesema papa, tungekuwa tumezika.

Toka usiku ule mtoto alilala ndani ya berso bila mto, na hakuweza kutoka. Alilia siku za kwanza. Mama mkwe alipitisha mkono kati ya fito akamshika kidole mpaka akalala, na yeye mwenyewe akalala hivyo, mkono umening'inia. Mume wangu alishuka kama kawaida, lakini sasa alikuja kwanza kumsalimia mtoto akiwa macho. Tulimfundisha wimbo wa kijinga wa koko aliye kwa Mungu, na kila jirani aliyekuja aliimbiwa. Watu walisema, mtoto yule ana mapenzi na marehemu. Wengine walifuta machozi. Tuliishi hivyo, tunamfundisha mtoto kumzika baba yake kwa wimbo, na kila alipouimba nilisikia baridi mgongoni.

Halafu asubuhi moja zikaja ndege za askari waliokuja kuwafukuza waasi, nyingi, chini chini, mji ukatikisika. Milio ya bunduki ilianzia upande wa uwanja wa ndege ikaja mpaka barabara yetu. Nilimtoa mtoto ndani ya berso, tukalala sakafuni chini ya kitanda sote, na mume wangu akaruka kutoka darini bila meza wala kiti, akaanguka vibaya, akaja kwetu anatambaa. Tulikaa hapo mpaka kukawa kimya. Tulipotoka, kwenye barza kulikuwa na kiatu kimoja, na barabarani kulikuwa na watu wamelala ambao hawakuwa wamelala. Nilimfunika mtoto macho. Nilitambua koti moja la kizungu. Sikusogea karibu kuangalia uso, na mpaka leo sijui kama ni yule kijana wa kofia ya nyani au ni koti tu limepata mtu mwingine.

Mume wangu alinyoa siku ya pili, kwa wembe wa jirani. Alitoka kwenye barza, uso wake ukiwa mweupe chini na mweusi juu, akafungua mikono. Mtoto alimkimbia. Alijificha nyuma ya nguo ya nyanya yake akapiga kelele kama ameona mzimu. Siku nyingi alizunguka ukumbini ameinua uso, anamwita koko wake, na alipomuona baba yake anakula lituma mezani alimnyang'anya sahani akaiweka sakafuni, chini ya kile kipande cha mraba. Mume wangu aliniambia, "Bon, nimepona, lakini mutoto wangu ananililia mbele ya macho yangu."

Walipatana pole pole, kwa miwa na kwa kumbeba mabegani hadi ferini kutazama mitumbwi. Barabara ya Banalia ilipofunguka, mama mkwe alipanda lori la wafanyabiashara akarudi kwake. Kabla ya kupanda alimbusu ndoyi wake, kisha akaingia chumba cha nyuma peke yake, akaiaga berso aliyoiita kizimba. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, mume wangu alikagua skrubu tena, akaupandisha ubao juu. Tulimlaza mtoto mchanga ndani, tukazima taa. Mimi niliketi kwenye kiti kando yake mpaka kukapambazuka, na usiku uliofuata pia, nisije nami nikasema kama mama, "Nililala."